Kiapo cha Unga Mkavu

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, wakaoa, wakalipa mahari na kusengenyana kama sisi, kulikuwa na mashine moja tu ya kusaga katika nchi nzima. Msiniulize mashine ilitoka wapi. Kama mmekubali kwamba Kiboko anasema, kubalini na mashine.

Mwenye mashine alikuwa Bi Sange. Sange mnamjua? Mdogo kama panya, miguu kama njiti za kiberiti, mbio kama cheche, na pua ndefu inayochezacheza utadhani mkonga wa tembo uliokatwa ukasahauliwa. Mumewe alikufa akamwachia mashine na watoto. Basi kutwa ni tuk-tuk-tuk-tuk! Na Bi Sange mweupe kuanzia kucha hadi kope.

Mwaka huo mvua ilikataa. Mahindi yakawa ya kutafutwa mbali, na kila nyumba ikawa inapeleka debe lake mashineni kwa uangalifu, kama mtu abebaye mgonjwa. Kina mama walikuwa porini wakichimba mizizi, kwa hiyo kupeleka mahindi ilikuwa kazi ya mabwana. Tena mabwana wenyewe ndio waliosema, "Njia ina hatari. Mwanamke asiachiwe chakula peke yake." Neno hilo lishikeni, msilitupe.

Sasa, mashine yoyote ina ulafi wake. Anayesaga wa kwanza asubuhi, unga wake kidogo hubaki ndani, kwenye mawe. Kila mtu analijua hilo, ndiyo maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mngewaona! Kiboko, Nyati na Fisi wamekaa kwenye kivuli cha banda, madebe miguuni, wanatazama juu kama wanaosubiri ndege.

"Tangulia, Bwana Nyati."

"Aa, mimi nimekuja kusalimia tu."

"Na hilo debe?"

"Limenisindikiza."

Bi Sange alichoka kuwasikiliza. Akawa kila asubuhi anachota ukufi wa mahindi yake mwenyewe, ya watoto wake, anailisha mashine. "Haya! Imeshakula. Nani anafuata?"

Mnadhani walimshukuru? Walisaga, kisha wakaushika mfuko wa kitambaa pale mdomoni mwa mashine wakaupiga, pu! pu! pu! mpaka mshono ukaachia.

"Bi Sange, humu kuna unga umebaki."

"Hakuna, bwana."

"Upo. Nausikia."

"Unga unasikika, Bwana Kiboko?"

Pamoja na kupiga kote huko, unga ukifika nyumbani ulikuwa pungufu. Mke wa Kiboko aliingiza mkono mfukoni, akautoa, akamtazama mumewe.

"Baba, huu ndio unga wa debe zima?"

"Muulize yule mwizi mwenye pua."

Kwa Nyati, hivyo hivyo. Fisi hana mke, lakini ana mama mzee anayeshinda kitandani, naye aliambiwa maneno yale yale. Neno likatoka nyumba hii likaingia nyumba ile. Watoto wa Bi Sange wakipita kisimani, wenzao wanafunika ndoo. Mama yao akitoa salamu, anajibiwa na migongo.

Hayo bado yalikuwa maneno tu. Kisha Masika akafa.

Masika alikuwa ndama wa Nyati, aliyezaliwa mvua ilipokuwa bado ina adabu. Alikonda, akalala, akawa anaomba uji, na uji wenyewe ukawa maji yaliyopitiwa na unga. Asubuhi moja hakuomba. Wakamzika.

Bi Sange alikwenda matangani na bakuli la unga. Mke wa Nyati, Mama Masika, alilitazama bakuli, akalisukuma kwa mguu likapinduka.

"Ungemletea akiwa hai," alisema.

Nyati naye akasimama mbele ya watu wote, macho mekundu. "Mwanangu hakuuawa na njaa," alisema. "Ameuawa na mashine."

Matanga hayajaisha, mlango wa Bi Sange ukapigwa teke. Ghubu! Nyati yuko mbele, Kiboko nyuma yake na mfuko wake wa unga begani, maana alikuwa ametoka kusaga muda mfupi uliopita akakutana na wenzake njiani akageuka nao. Na Fisi. Fisi ndiye aliyekuwa mtoa viapo wa nchi. Ndiyo, Fisi. Kwani kwenu viapo vinatolewa na nani?

"Wewe kipua!" akaguta Nyati. "Leo utasema unga unaupeleka wapi!"

"Naupeleka mifukoni mwenu, Bwana Nyati. Mnauona kwa macho yenu."

"Utakula kiapo cha unga mkavu," akasema Fisi kwa sauti ya kazi. "Konzi moja, bila tone la maji. Asiye na hatia ataumeza, wala hatakohoa. Mwizi wa unga, unga wenyewe utamkaba."

"Na ukinikaba?"

"Mashine itakuwa ya Nyati, fidia ya mwanawe. Wewe utawekwa chini ya kwato zake."

"Na watoto wangu?"

Fisi akalamba mdomo. "Watoto wa mwizi wana mwenyewe?"

Bi Sange aliogopa. Lakini macho yalikuwa yanafanya kazi, na yalikuwa yametua kwenye sharubu za Kiboko.

Sharubu zilikuwa na unga. Hilo si ajabu kwa aliyetoka mashineni. Lakini vumbi la mashine hukaa juu juu, ukilipuliza, linaondoka. Huu ulikuwa umegandamana, umelowa mate ukakauka, kama gundi ya bahasha. Bi Sange akamtazama Nyati. Kwenye pembe ya mdomo, ganda jeupe. Akamtazama Fisi. Fisi alikuwa bado anajilamba.

Ahaa.

Angeweza kusema. Lakini neno la kinyama cha ukubwa ule mbele ya pembe na meno ni upepo. Wangemkanyaga palepale, na mchana wangekuwa wamesahau.

"Nimekubali," akasema. "Kesho asubuhi. Ila wake zenu wawepo, na wazee, na watoto. Nikiumbuka, niumbuke mbele ya wote."

"Hilo halina shida!" Kiboko akacheka. "Tutawaleta na jirani."

Kesho yake uwanja ukajaa. Mashine ilikuwa kimya, na mbele yake sinia la unga, alioutoa nyumbani na kuuchekecha Bi Kiboko mwenyewe ili pasiwe na mtu wa kusema umerogwa. Njaa ilikuwa imewatoa watu mbavu. Hakuna aliyekuwa anautazama uso wa Bi Sange. Wote walikuwa wanatazama sinia.

"Meza!" akaguta Nyati.

"Nitameza, bwana. Lakini jamani, hiki ni kiapo au ni kunyongwa? Mtu anaweza kumeza konzi la unga mkavu asikohoe? Mimi sijapata kumwona. Nionyesheni mmoja tu."

"Wapo wengi," akasema Kiboko.

"Wewe huwezi."

"Nani? Mimi?"

"Usijisumbue, Bwana Kiboko. Kinywa kikubwa ni pango tu. Utakohoa mpaka watoto wakucheke."

"Mimi nikohoe! Nipishe!"

Akachota konzi lake, nanyi mnajua konzi la Kiboko lilivyo. Hap! Akafumba midomo. Akausukuma unga kwenye shavu, akabana pumzi, taya likaenda polepole, polepole, kisha koo: gudu! Akafunua kinywa. Kisafi kama sufuria ya mgeni.

"Eee!" watu wakashangilia. "Huyo ndiye mume!"

"Mh," Bi Sange akasema. "Bahati. Bwana Nyati lakini, na msiba alionao, hataweza."

Nyati alisita. Kichwa kilikuwa kinakataa, mate yalikuwa yamekwisha kubali. Akachota. Akafumba na macho, kama mtu anayepita njia aliyoizoea gizani. Shavuni, pumzi, taya, gudu! Hata chembe haikupeperuka.

Fisi hakungoja kuambiwa. "Hao wanacheza," akasema, akatia makonzi mawili kwa mpigo. Gudu-gudu!

"Sasa wewe, kipua!"

Bi Sange akachota kiasi cha kinywa chake. Akaweka ulimini.

"Khu! Khu! Chyaa!"

Unga ulimtoka puani kwa ule urefu wote kama moshi wa bomba. Alikohoa akapinda, akakohoa akalala chini. Watu wakaangua kicheko, na ndani ya kicheko sauti zikapanda: "Mwizi! Mwizi! Umemkaba!" Nyati akainua kwato.

"Ngoja!" akalia Bi Sange, machozi na unga vimemfanya tope usoni. "Niue, lakini kwanza Bi Kiboko aonje! Na Mama Masika! Wote waonje, unga upo!"

Sasa mwenye njaa akiambiwa aonje, atakataa? Bi Kiboko akachota. "Kho! Kho! Kho!" Akampaka jirani unga. Mama Masika akachota: "Kho!" Watoto wakarukia sinia: khu, khu, chya! Mama yake Fisi, aliyebebwa kwenye machela kuja kutazama, alikohoa mpaka wakampigapiga mgongo. Uwanja mzima ukawa wingu jeupe linalokohoa. Katikati ya wingu walisimama watatu tu, wamenyooka, makoo yao yametulia.

Wingu likatua.

"Mimi nimesaga tangu nilipoolewa," akasema Bi Sange, taratibu. "Unga naunusa, naulalia, lakini kuumeza mkavu sijui. Nyinyi kina mama mnaupika kila siku, hamjui. Hawa mabwana wanajua. Wanajua kuuweka shavuni. Wanajua kubana pumzi. Wamejifunzia wapi?"

Macho yote yakawageukia.

"Ni… ni kinywa changu kikubwa," akasema Kiboko.

"Kaka yangu naye ni kiboko," mkewe akajibu. "Kinywa hichohicho. Huyo hapo anatokwa na machozi."

Kiboko akatazama chini.

Mama Masika alikuwa ameinuka. Alitembea mpaka mbele ya mumewe akasimama, hakupaza sauti.

"Baba Masika. Kutoka mashineni mpaka nyumbani, unapumzika wapi?"

Nyati akajifuta pembe ya mdomo.

"Siku ile mtoto aliniomba uji, nikaugeuza mfuko ndani nje, nikaukung'uta. Wewe ulikuwa umekaa mlangoni. Nikakwambia, kula hata ukoko. Ukasema huna njaa. Nikakusifu. Nikawaendea majirani nikawaambia, mume wangu anajinyima kwa ajili ya mwanawe."

"Ilikuwa kidogo tu," akasema Nyati. "Mama Masika, kila mara ilikuwa kidogo tu."

Mama Masika alikwenda kwenye sinia, akakusanya unga uliobaki kwenye pindo la kanga yake, akafunga fundo. Alipopita mbele ya Bi Sange alisimama kidogo, midomo ikafunguka, ikajifunga. Akaenda zake. Hakugeuka nyuma kuona kama mumewe anamfuata.

Nyati hakumfuata. Mkimwona porini nyati mzee anatembea peke yake, hana kundi, ana hasira na kila mtu, mpisheni. Kiboko alikimbilia mtoni akajizamisha mpaka macho, na mpaka leo anaona haya kutoka kabla giza halijaingia. Fisi alikimbia akicheka, maana hakujua afanye nini kingine.

Na Bi Sange? Mnataka niwaambie walimbeba juu juu, wakamwimbia? Waliomwita mwizi walikuwa nchi nzima. Aliyekuja kumwomba radhi alikuwa mmoja, Bi Kiboko, asubuhi iliyofuata, na debe lake kichwani.

"Bi Sange, mdogo wangu, tulikukosea. Haya, nisagie."

Bi Sange alichota ukufi wa mahindi ya watoto wake, akailisha mashine kama siku zote. Tuk-tuk-tuk-tuk! Akamsagia. Unga ulipokwisha kutoka, Bi Kiboko aliufunga mfuko wake vizuri, akasogea mdomoni mwa mashine, akashika kile kitambaa chenye mshono ulioachia.

Pu! Pu! Pu!

Ngano imefika jikoni. Mwenye meko aipike.

Kabla hujamwita fundi mwizi, pangusa kwanza midomo ya nyumbani kwako.