Kilti ya Kwenda Ukweni

Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Maana yake ni kwamba mtu humpima mwenzake kwa yale anayoyajua juu yake, na asipojua lolote humpima kwa nguo. Wengi wetu huishika methali hii kama fimbo ya kuwachapia wageni waliotudharau. Katembo wa Mubi naye aliishika hivyo njia nzima, mpaka alipofika ukweni ikamgeukia mwenyewe.

Katembo alitoka Butembo akahamia Mubi, mji mdogo wa msituni mashariki mwa Kongo, kuuza mitumba. Alikuwa mtu wa kujipenda, hata siku ya mvua na tope suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi. Mwaka huo alipatwa na ngiri. Alipasuliwa hospitalini akarudi salama, lakini kidonda kilikuwa kinenani, pale pale ambapo kila suruali hupita ikisugua. Aliona haya kupita kiasi. Alimkataza mkewe Mbambu asimwambie mtu. Wateja waliambiwa amesafiri, na wakwe watarajiwa waliambiwa biashara imembana.

Kwa uongo huo mdogo alijitia kitanzi mwenyewe. Mwanawe Merdi alikuwa akimposa Bibiche, binti wa Papa Michel, mwindaji wa kijiji kilichokuwa mbele kidogo kwenye barabara ya msituni. Siku ya kupokea mbuzi wa mahari ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa sababu ya hiyo biashara. Papa Michel, ambaye hasira zake hazikuwa mbali, akatuma neno: baba wa kijana aje mwenyewe Jumamosi, la sivyo posa imekufa. Tangu siku hiyo Merdi alikonda kama mgonjwa.

Jumamosi ilipofika, Katembo alivaa suruali, akapiga hatua mbili, akaivua huku ameuma meno.

"Funga kikwembe," Mbambu alimshauri, akimnyooshea kitenge chake.

"Kikwembe ku bakwe? Na kikianguka mbele ya mama ya mutoto?"

Ndipo alipoikumbuka kilti. Ilikuwa imening'inia dukani muda mrefu bila mnunuzi: sketi nzito ya sufu yenye mirabaraba myekundu na ya kijani, mikunjo tele nyuma, na vifungo vya ngozi ubavuni. Padri mmoja mzungu alikuwa amemweleza kwamba huko Uskoti wanaume huivaa harusini. Hufungwa juu, usawa wa kitovu, na chini, bila nguo ya ndani, hubaki hewa tupu. Katembo aliivaa, akatembea chumbani mpaka mlangoni, akarudi. Hakuna kilichouma. Akavaa na koti lake la Krismasi, akatoka.

Ole wake! Hajafika hata kwenye kituo cha pikipiki, soko zima lilikuwa limegeuka.

"Papa, leo uko mama?" dereva mmoja alipiga kelele.

"Balikutahiri jana ao leo?" mwingine akadakia, kwa kuwa katika nchi ile wavulana waliotoka kutahiriwa hufungwa kikwembe ili nguo isiguse kidonda. Utani huo ulikuwa karibu sana na ukweli, ukamchoma Katembo. Alimjibu mtu yule matusi, na vicheko vikazidi. Alipopanda pikipiki akaketi ubavu kama wanawake, watu walishika mbavu zao.

Kwenye kizuizi cha barabara alibadili mbinu. Kabla mtu hajafumbua kinywa, yeye ndiye aliyewaamkia wauza ndizi. "Jambo ba mama! Munaona nguo yangu?"

"Tunaiona," mmoja alisema akizuia kicheko. "Iko nguo ya nini?"

"Ya banaume ya Uskoti. Shika, iko sufu ya kweli."

Yule mama aliishika, akaisifia uzito, akauliza kama dukani kuna nyingine. Wakaagana vizuri. Katembo aligundua kwamba ukimtangulia mtu kwa salamu, kicheko chake hupoteza meno. Hata hivyo moyoni aliendelea kunung'unika: asiyekujua hakuthamini, wajinga hawa.

Asilolijua ni kwamba umbea ulikuwa umepanda pikipiki ya mbele. Alipoingia uani kwa Papa Michel, ambako Merdi na mbuzi walikuwa wamekwisha kutangulia, hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Papa Michel alimtazama kuanzia magotini, kisha akamsogezea kiti kifupi cha mti, mbele kabisa ya mama yake Bibiche.

Katembo alikitazama kiti kile, jasho likamtoka. Katika ukoo ule, mgeni wa posa akipewa kiti asikae, amemkataa binti. Lakini kiti kilikuwa kifupi, na kilti nayo ilikuwa fupi. Akikaa, magoti yatapanda juu, na kumwonyesha mkwe uchi wako ni laana isiyofutika kwa mbuzi mmoja. Akabaki amesimama.

"Kaa," alisema Papa Michel.

Katembo hakukaa.

"Papa Katembo, mara ya kwanza ulisema biashara. Mara ya pili, biashara. Leo unakuja na nguo ya kutucheka, na kiti unakataa. Unakataa mutoto wetu, ao namna gani?"

Merdi aliinamisha kichwa. Kutoka jikoni kilisikika kilio cha Bibiche, na kilio hicho ndicho kilichomvunja Katembo. Aliona bora aibu yake kuliko machozi ya watoto.

"Siko nabacheka," alisema kwa sauti ya chini. "Balinipasula ngiri. Kidonda hakiyapona, suruali siwezi. Nilisikia haya kubaambia. Na hapa nikikaa, mutaona bya kuona."

Kisha Consolée, shangazi wa Bibiche, aliangua kicheko kikubwa kisicho na sumu. Akafungua kikwembe chake cha juu, akamwekea Katembo kiunoni mpaka miguuni. "Kaa, mukwe wetu. Sasa hakuna wa kuona kitu."

Katembo alikaa. Papa Michel alikuna kidevu, akatazama pembeni. "Mimi pia balinipasula ngiri," alisema mwishowe. "Nilivaa kikwembe ya bibi yangu mpaka kovu likakauka. Juu ya nini haukusema, kaka? Ningekuja mimi kwako na mbuzi zako ningezipokea kulekule!"

Hapo hata mama yake Bibiche alicheka mpaka akafuta macho. Mbuzi walipokelewa. Merdi alikula kwa mara ya kwanza wiki hiyo, tena alikula cha watu wawili. Katembo alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la muhogo, akafurahi waziwazi, bila kujali nani anaona magoti yake.

Jioni, yeye na Merdi walipofika kituoni Mubi, yule dereva wa asubuhi alianza tena: "Papa, ile sketi..."

"Niko na kidonda cha hopitali," Katembo alimjibu kwa upole.

Dereva akavua kofia. "Ah! Pole sana, papa. Hatukujua."

Katembo aliitikia, akaelekea nyumbani taratibu kumpa Mbambu habari njema. Kwa kweli watu wale wangejua wapi, naye alikuwa ameficha? Asiyekujua hakuthamini.