Ng'ombe wa Matanga ya Vuai

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama watu walioshiba? Leo sina hadithi ya sungura. Leo mtashika vichwa. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale ya bibi wa bibi zetu, palikuwa na kijiji chenye kila kitu isipokuwa maji. Mihogo ilikuwapo. Mbuzi walikuwapo. Maneno ya watu ndiyo usiseme. Lakini maji, mpaka uchimbe, na uchimbe sana. Kwa hiyo mchimba visima alikuwa mtu wa maana, na mchimba visima wao aliitwa Vuai.

Vuai alikuwa na mke, jina lake Mboja, na watoto wadogo wawili. Na alikuwa na sharti lake moja: mchanga ukianza kudondoka kwenye ukuta wa kisima, yeye hupanda juu, hakai tena shimoni mpaka ukuta uzuiwe kwa boriti.

Mboja alikuwa akimtania. "Wewe mume wangu unaogopa mchanga kuliko unavyoniogopa mimi."

Vuai alikuwa akimjibu, "Wewe ukikasirika napata pa kukimbilia. Shimoni sina."

Na wakicheka wote wawili, nyumba nzima inacheka.

Sasa, palikuwa na Mwinyi Mbegu. Huyo ndiye mwenye mashamba. Nusu ya kijiji ilikaa kwenye ardhi yake na ilimsalimu kwa kuinama. Mwinyi Mbegu alikuwa anamwoza bintiye, akataka wageni waoshe mikono kwa maji ya kisima chake kipya, wakasimulie huko kwao. Akamwita Vuai. Vuai akachimba. Akachimba. Akachimba. Mchanga ukaanza: poro, poro, poro.

Jioni alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Nimemwomba Mwinyi boriti, amekataa. Kesho nitamwomba tena. Asiponipa, sishuki."

Kesho yake Mboja alikuwa uani anamenya mihogo. Akasikia yowe. Akatupa kisu, akakimbia. Alipofika kisimani hakukuta kisima, alikuta bonde la mchanga, na wavuta kamba, wale waliokuwa wakimshusha na kumpandisha Vuai, wamesimama na kamba imelala mikononi mwao. Vuai alikuwa chini.

Mboja hakulia. Alisimama tu kinywa wazi. Kilichokuwa kikimzunguka kichwani ni swali moja: alisema hashuki, kwa nini alishuka? Aliwauliza wavuta kamba. Wakatazama miguu yao. Akamwuliza Mwinyi Mbegu. Mwinyi akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Alishuka mwenyewe, mwanangu. Ubishi wake. Nilimkataza."

Nilimkataza! Mnasikia hayo?

Vuai alitolewa, akazikwa, matanga yakawekwa. Watu hawajakaa vizuri mkekani, mara, "Mooo!" Ng'ombe huyo anaingia uani, dume, mnene, anang'aa. Nani kaleta? Mwinyi Mbegu. Watu wakapiga vigelegele, msibani! Wakasema, mtu mwema huyu, ana roho ya utu. Hata Mboja alishukuru. Naam, alishukuru, akamshika mkono mjumbe aliyemleta, maana nyumbani mwake hamkuwa na kitu na watu walikuwa wamejaa. Ng'ombe akachinjwa. Ngozi ikaanikwa. Vyungu vikainjikwa motoni: tokoto, tokoto, tokoto.

Desturi ya kijiji ilikuwa hivi: matangani hali mtu mpaka mfiwa mkuu ale tonge la kwanza. Mama mmoja akampakulia Mboja. Akamega, akachovya. Mkono ukaanza kupanda.

Ko. Ko. Ko.

Ni fimbo hiyo. Bi Mize anaingia.

Bi Mize alikuwa mzee ambaye hata wazee walimwamkia. Alikuwa mfupi, mkavu, hasikii vizuri sikio la kushoto, na ukimwambia jambo la kijinga alikugeuzia hilo la kushoto. Kwenye baraza la wazee alikaa tangu enzi za mumewe, na mume alipofariki hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke.

Akasema, "Mboja. Weka tonge chini."

Watu wakageuka. Kumkatiza mjane tonge la matanga! Hilo halijapata kuonekana.

"Bibi," Mboja akasema, "nimekosa nini?"

"Bado hujakosa. Ng'ombe huyu wa nani?"

"Wa Mwinyi Mbegu."

"Na kisima alichofia mumeo, cha nani?"

Mboja akavitazama vyungu. Tonge likaanza kumpoa mkononi.

Bi Mize akakaa. "Nyinyi mnaifuata desturi na maana yake mmeisahau. Anayeleta ng'ombe wa matanga, na mjane akala, huyo amekuwa mfiwa. Amefiwa kama wewe. Na mfiwa hashitakiwi kwa kifo hicho, si leo, wala na wanao watakapokua. Hiyo ni sheria ya baraza letu. Baba yake Mwinyi alikaa barazani nami, na mwanawe alikuwa akikaa miguuni pake anasikiliza. Anaijua kuliko ninyi nyote."

Mboja alishtuka mpaka tonge likamponyoka. Mkono aliomshikia mjumbe kwa shukrani aliutazama kana kwamba si wake. Yaani yule mtu, maiti ya mumewe haijapoa, alikuwa ameshakaa akawaza, ameshachagua ng'ombe?

Pandu, mdogo wake Vuai, alikuwa kando anapasua kuni. Akainuka na shoka lake. "Shemeji, kaa hapo hapo. Mimi namfuata."

"Mfuate," Bi Mize akasema, wala hakuinua sauti. "Ukimaliza, baraza litakaa kwa kifo cha Mwinyi. Cha Vuai hakitatajwa tena, na wewe utafukuzwa nchi. Watoto hawa watakuwa hawana baba, hawana baba mdogo. Nenda basi."

Pandu akasimama. Shoka likashuka polepole.

"Sasa tufanye nini, Bibi?" Mboja akauliza. "Nina njia?"

"Unazo. Unaweza kula, ukanyamaza, hakuna atakayekulaumu, una njaa na una watoto. Unaweza kwenda kwake kimya kimya mkapatana, akakupa kipande cha shamba, na yeye akaendelea kusema mumeo alikuwa mbishi. Wengi wamefanya hivyo, na si dhambi. Au unaweza kumwita barazani, aulizwe mbele ya watu, ajibu mbele ya watu. Hiyo ni haki yako wewe mke, na ya watoto, na mama yake Vuai angekuwa hai ingekuwa yake pia. Lakini iwe kabla ya kuanua matanga. Matanga yakishaanuliwa, baraza halisikilizi."

"Naitaka hiyo ya mwisho," Mboja akasema. "Nataka kujua kwa nini alishuka."

"Basi ichukue ile ngozi. Ngozi ya ng'ombe wake ukiirudisha mlangoni kwake, kesi imefunguka. Na wewe Pandu, kama mikono inakuwasha, nenda kakae kisimani. Asiruhusiwe mtu kukifukia. Hicho kisima ndicho shahidi ambaye Mwinyi hawezi kumfukuza kwenye ardhi yake."

Mboja akaitwaa ngozi mbichi, akajitwika. Ilimdondokea damu begani. Akapita katikati ya kijiji, akaingia uwanja wa Mwinyi Mbegu ambako vijana walikuwa wanajenga banda la harusi, akaitua mlangoni: bwata! Nyundo zote zikanyamaza. Mwinyi akatoka, akaitazama ngozi, akamtazama Mboja.

"Umeambiwa na Mize," akasema.

Mboja akageuka akarudi zake.

Mnadhani watu walimpongeza? Thubutu! Nyama ilichacha kwenye vyungu, nzi wakaja, watu wamekaa na njaa zao wanaisikia harufu. Wakaanza. "Mjane gani huyu?" "Mume hajaoza, yeye ana kesi." "Anataka utajiri." Jirani aliyemsaidia kuosha maiti alijitwisha mkeka wake akaenda kwake. Mwanawe mdogo akaja analia: "Mama, wanasema baba alikufa kwa ubishi." Mboja alikuwa hajalia tangu kisimani. Hapo alilia.

Na huko kisimani, kweli wakaja watu wa Mwinyi na majembe. Wakamkuta Pandu amekaa ukingoni na shoka mapajani. Wakasema walikuwa wanapita tu.

Siku ya baraza ikafika. Mwinyi Mbegu alikuja na kanzu mpya. Bi Mize akamwuliza, "Vuai alikuomba boriti?"

"Hakuniomba."

"Ulimwambia ashuke?"

"Nilimkataza. Alikuwa mbishi, na ubishi wake umeniharibia kisima."

Wavuta kamba wakaulizwa. Wa kwanza akasema hakuona. Wa pili akasema hakusikia. Wote walikaa kwenye ardhi ya Mwinyi, na nyuma yao walikaa wake zao na watoto wao. Mboja aliwatazama mmoja mmoja. Watu waliokula kwake! Waliolala kwake mvua iliponyesha!

Bi Mize akauliza, "Kwa hiyo, Mwinyi, kisima chako hakikuhitaji boriti?"

"Hakikuhitaji. Ukuta ulikuwa mzima. Upande ule uliobaki ni mzima hata sasa."

"Vizuri. Twendeni."

Baraza zima likainuka, kijiji kizima nyuma. Ko, ko, ko, mpaka kisimani. Upande mmoja ulikuwa umeporomoka pale walipomtoa Vuai. Upande wa pili bado umesimama, unaning'inia juu ya shimo.

Bi Mize akaiokota kamba, akampa Mwinyi Mbegu.

"Teremka, mwanangu. Ukasimame chini ya ukuta wako mzima kwa muda wa mtu kunywa maji. Ukipanda salama, mimi mwenyewe nitakuomba radhi, na Mboja atakuomba radhi, na tutapika ng'ombe mwingine tule."

Mwinyi akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akaishika kamba, akasogea ukingoni. Akachungulia.

Poro, poro, poro.

Akarudi nyuma. Akasogea tena.

Poro, poro, poro.

Akaitupa kamba kama mtu aliyeshika nyoka. "Mnataka kuniua? Mtu gani anashuka humu bila boriti?"

Lo!

Mwinyi mwenyewe akaweka mkono kinywani, lakini neno likitoka limetoka. Mboja aliketi chini pale pale mchangani.

Hapo ndipo mvuta kamba mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alipoanza kupiga kelele akilia. "Aliomba! Aliomba mara ya pili mbele yetu! Mwinyi akamwambia, usiposhuka, kabla ya jua kutua hawa wavuta kamba wako wote nimewatoa kwenye ardhi yangu, wao na watoto wao. Vuai akatutazama. Akatutazama hivi, hivi. Halafu akashuka. Alishuka kwa ajili yetu, na sisi tumekaa barazani tukasema hatukuona!"

Mboja akalipata jibu lake. Alifikiri akilijua atapoa, kumbe lilimchoma upya. Ule ukaidi wote aliosingiziwa mumewe ulikuwa huruma. Akalia kwa sauti, na wanawake waliokuwa wamemtenga wakaja wakamshika, na yeye hakuwasukuma.

Baraza likaamua pale pale, na halikumung'unya maneno. Mwinyi Mbegu aliua. Hakuua kwa panga, aliua kwa haraka yake na kiburi chake, na kwao hiyo nayo ilikuwa kuua. Shamba la bondeni likawa la Mboja na watoto wa Vuai, si zawadi, haki. Wavuta kamba hawatatolewa kwenye ardhi. Na hapatachimbwa kisima kijijini, kiwe cha yeyote, mpaka boriti zilale ukingoni kwanza. Na Mwinyi atamke kosa lake mbele ya watoto wa Vuai.

Mwinyi akasema, "Nimekubali. Niongezeeni hata faini ya ng'ombe. Lakini msinifanye nilitamke."

Bi Mize akamgeukia Mboja. "Hilo ni lako, mwanangu. Shamba ni la watoto, huwezi kulisamehe. Neno ni lako, kulisamehe au kulidai."

"Alitamke," Mboja akasema.

Mwinyi Mbegu, aliyezoea kuinamiwa, akasimama mbele ya watoto wawili akasema, "Baba yenu aliniomba boriti, nikamnyima. Hakuwa mbishi." Mtoto mdogo akamtazama mama yake, kuuliza kama ni kweli. Mboja akaitikia kwa kichwa.

Tangu siku hiyo desturi ilibadilika. Kwenye msiba wa kijiji kile chungu hakiinjikwi, hata kama watu wana njaa namna gani, mpaka mtu mzima mmoja asimame aulize kwa sauti, "Amekufaje?" Na ajibiwe.

Miaka ikaenda. Bi Mize naye akafa. Watu wakajaa mpaka njiani. Akasimama bibi mmoja, mvi zimeanza kumwota, wajukuu wamemshika huku na huku. Alikuwa Mboja.

"Amekufaje?" akauliza.

Mjukuu wa Bi Mize akajibu, "Amekufa kwa uzee, Bibi. Amelala, hakuamka."

"Hakuna aliyemnyima kitu?"

"Hakuna."

"Hakuna aliyemharakisha?"

"Nani angethubutu kumharakisha Bi Mize?"

Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mboja naye akacheka, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Basi injikeni," akasema.

Na ninyi mlionisikiliza, shikeni hili: ukifiwa na mtu wako kwa uzembe wa mwenye nguvu, usipokee mkono wa pole kabla hujauliza. Uliza mapema, uliza mbele ya watu, na usione haya kudai. Kudai si kukosa adabu kwa marehemu, ni kumsemea asiyeweza tena kusema.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Anayetaka kuibeba na aibebe.