Kuja Si Kazi

Hapo zamani, enzi ambazo wakubwa walikuwa wakiogopa kila kitu isipokuwa aibu, mji wa Tandamaji ulitawaliwa na Sultani Shahame. Alikuwa tajiri, tena tajiri wa kuchosha. Jumba lake lilikuwa na milango arobaini na miwili, na kila mlango una komeo la chuma, hata mlango wa choo. Kwa maana Sultani alidhani maadui zake hawana shughuli nyingine duniani ila kumvizia akiwa amechuchumaa.

Basi ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, huko kwenye matope ya mikoko, alikaa fundi wa makomeo aitwaye Faki. Mali yake ilikuwa vitu vitatu: mkewe Bi Mize, ulimi wake mwenyewe, na mkoba wa ngozi alioachiwa na babake, wenye tupa, koleo, nyundo ndogo na chupa ya mafuta ya nazi. Mtu akiharibikiwa na komeo humwita Faki, naye Faki hutwaa mkoba, akavuka hori kwa miguu, akapanda kilima, akaingia mjini na matope yake.

Na ilikuwa ada ya mji huo kwamba fundi akifika mlangoni hupewa kwanza kifungua mkoba, pesa mbili au kibaba cha mchele, kabla kamba ya mkoba haijalegezwa. Asiye nacho hutoa yai. Palikuwa na ajuza mmoja aliyekuwa akitoa yai la bata, kisha akaomba radhi kwa udogo wake.

Siku moja komeo la ghala la Sultani likakwama, Faki akaitwa. Akafika, matope yamempanda hadi mapajani, akainama akasema, "Maulana, nimefika. Naomba kifungua mkoba."

"Kifungua mkoba ndiyo nini?" akauliza Sultani, kana kwamba alizaliwa mji mwingine.

"Ni ada ya kuja, Maulana."

"Ada ya kuja! Waziri Madi, umesikia? Mtu anatembea kwa miguu yake mwenyewe, juu ya ardhi yangu, kisha ananidai mimi! Ardhi ilistahili imdai yeye."

Waziri Madi akacheka. Kazi yake ilikuwa kucheka, na aliifanya kwa bidii.

"Ewe Faki," akaendelea Sultani, "muuza maandazi hunidai andazi, au hunidai kuamka kwake alfajiri?"

"Hukudai andazi, Maulana, lakini kuamka kumo humo humo, kumekandwa pamoja na unga. Mimi kuja kwangu sina unga wa kukukandia, ndiyo maana nadai kuja kwa jina lake."

"Na yule fundi wa paa, aliyechukua kifungua mkoba changu, akatazama juu, akaniambia, 'Maulana, naona mbingu,' akaenda zake?"

"Yule ni mwizi, Maulana, mkamate yeye. Mimi nimekuja kutazama komeo, mbingu sikuitiwa."

Mkubwa akishindwa kwa maneno hutunga sheria, naye Sultani alikuwa mkubwa. Kwanza akaunyakua mkoba, akavuta kamba, ukafunguka. "Kamba yenyewe ndiyo hii? Mbona mimi nimeifungua bure!"

"Maulana ana kipawa!" akasema Waziri Madi, akapiga makofi.

Basi ikapigwa mbiu mji mzima: "Fundi akiitwa na Sultani, aje. Kuja si kazi. Kutazama si kazi. Kufungua mkoba si kazi. Atalipwa kwa kazi ya mkono tu. Atakayekataa kuja, au atakayedai ujira wa lisilo kazi, mkoba wake utatwaliwa."

Loo, Sultani alivyoifurahia sheria yake! Mlango ukilia kidogo tu, Faki aitwe. Akifika, huambiwa, "Bwana amelala, njoo kesho." Akija kesho, huambiwa, "Mlango umeacha kulia wenyewe." Siku moja akaitiwa mlango wa choo. Akainama, akalitazama komeo sana, akasema, "Maulana, ulimi wa komeo hili umepinda. Leo unasita, siku moja utagoma. Niache niunyooshe."

"Limefunguka au halikufunguka?"

"Limefunguka, Maulana."

"Basi mkono wako haukugusa kitu. Umetazama tu. Nenda na amani."

Faki akarudi na amani, na amani hailiwi. Bi Mize akamkuta kizingitini anajitazama nyayo.

"Leo umeleta nini, mume wangu?"

"Malengelenge manne."

"Haya, lete niyatie nazi."

Wala hakucheka aliposema hivyo, kwa kuwa chungu kilikuwa kitupu tangu juzi, na Faki alikuwa akizimaliza siku zake kwa Sultani hata majirani wenye mayai yao wakamkosa.

"Na usipokwenda?" akauliza Bi Mize.

"Watautwaa mkoba, na fundi bila mkoba ni mtu tu."

"Na ukizidi kwenda?"

"Mkoba utabaki, tuutafune sisi."

"Ni wa ngozi huo," akasema Bi Mize, "huchelewa kuiva."

Faki akamwuliza mkewe, "Ile mbiu ilisemaje, neno kwa neno?" Bi Mize akaikariri yote, kwa sauti ya mpiga mbiu na pua yake. Faki akasema, "Niazime leso yako moja."

Ikawa wiki ile ile wakaja wazee wa posa kutoka mji wa pili, kumposa binti wa Sultani Shahame. Pilau imepakuliwa, ubani unafuka, mshenga ameketi mbele na kofia yake mpya. Sultani, amevaa joho la dhahabu, akasema moyoni, "Ngoja kwanza niende mahali," akaenda chooni, akajifungia kwa komeo kwa sababu ya wale maadui. Alipotaka kutoka, komeo likagoma. Akavuta, akasukuma, akalitukana, akalibembeleza. Wapi! Na ule mlango ulikuwa wa mti mgumu, umefungwa mikanda ya chuma asiuvunje mtu, na dirisha lake lilikuwa tundu la kutosha paka mwembamba. Sultani alikuwa amejilinda barabara.

"Aitwe Faki!" ikapaa sauti kutoka chooni.

Tarishi akaenda mbio. Faki hakukataa, kwani sheria ilimwamuru kuja, akaja, ila kwa mwendo wa mtu asiyelipwa kutembea. Alipofika langoni akatoa leso ya Bi Mize, akajifunga macho kitambaa kizima, akashikwa mkono na Waziri Madi hadi mlango wa choo. Mkoba ulikuwa begani, kamba imepigwa mafundo saba.

"Maulana, nimefika," akasema Faki.

"Fungua haraka! Wageni wananingoja!"

"Mkono wangu huu hapa, Maulana, uko tayari kwa kazi."

"Sasa mbona umejifunga macho, mwehu wewe?" akafoka Waziri Madi.

"Bwana Waziri, sheria imesema kutazama si kazi. Mimi ni mtu wa kazi. Lisilo kazi na alifanye asiye na kazi. Wewe sasa hivi una kazi gani?"

Watumishi wakaangalia dari. Waziri akachuchumaa, akatia jicho kwenye tundu la ufunguo. "Naona giza," akasema.

"Jicho ni langu hilo!" akapiga kelele Sultani kutoka ndani. "Ondoka hapo! Faki, toa vyombo!"

"Vimo mkobani, Maulana, na kufungua mkoba si kazi. Maulana mwenyewe aliufungua bure siku ile, ana kipawa. Ningekupitishia chini ya mlango, ila haupiti."

Basi Waziri akayavaa mafundo saba kwa kucha na meno, akaumwaga mkoba sakafuni. Akatwaa nyundo, kwa kuwa ndiyo aliyoijua jina, akapiga komeo mara moja na kidole gumba chake mara mbili. Ukelele wake ukafika hadi barazani. Mshenga akaja na kofia yake, akasimama ukumbini, akauliza kwa adabu, "Jamani, kwema? Pilau inapoa. Mwenyeji wetu yuko wapi?"

Nyuma ya mlango Sultani akabana pumzi.

"Anakuja," akajibu Faki, uso umeelekea ukutani. "Mngojeni tu. Kuja si kazi."

Mshenga akautazama mlango, akautazama mkoba uliomwagwa sakafuni, akafahamu alipo mwenyeji wake. Akarudi barazani huku amejiziba mdomo kwa kofia yake mpya. Mara kikasikika kicheko kule, kikazimwa, kikasikika tena.

Sultani akanong'ona kupitia tundu, "Faki, ndugu yangu."

"Naam, Maulana. Leo tumekuwa ndugu?"

"Nitoe."

"Toka, Maulana. Mimi nimevuka hori, nimepanda kilima, nimefika, na umeniambia si kazi. Wewe kutoka hapo mpaka hapa ni hatua moja. Njoo, basi. Kuja si kazi."

Ndani kulikuwa na joto, na joho la dhahabu, na harufu isiyojua cheo cha mtu. Halafu, wanasema, Sultani akaanza kucheka, kwanza kwa hasira, kisha kwa uchungu, mwisho akacheka kweli hadi mlango ukatikisika. Komeo, hata hivyo, halikucheka.

"Unataka nini, ewe balaa?"

"Sitaki kitu, Maulana. Mbiu ndiyo iliyonifunga macho, nayo ndiyo ya kunifungua."

"Ipigwe mbiu!"

Waziri Madi akaenda dirishani, kidole gumba mdomoni, akatangaza mji mzima ukisikia, na wazee wa posa wakiwa mstari wa mbele: kuja ni kazi, kutazama ni kazi; kifungua mkoba kirudi kama kilivyokuwa; na fundi akishakipokea asiondoke bila kutazama na kusema ubaya uko wapi. Lile la mwisho aliliongeza Faki mwenyewe kwa ajili ya yule wa paa, kwa maana haki ni ya mwenye nyumba pia.

Hapo Faki akafungua leso. Akaokota tupa, koleo, nyundo na chupa, akavirudisha mkobani kimoja kimoja, akafunga kamba vizuri, akasimama.

"Nini tena?" akalia Sultani.

"Maulana, nimefika. Naomba kifungua mkoba."

"Nani huenda chooni na pesa?"

"Kweli, Maulana. Basi nakukopesha. Ila utaniletea mwenyewe nyumbani kwangu, kwa miguu yako, pamoja na ujira wa zile safari zangu zote za bure."

"Kwa miguu? Kuvuka hori?"

"Maulana!" akasema Faki, kwa mshangao mkubwa. "Kuja?"

Sultani akaapa. Faki akalegeza kamba, akadondosha mafuta kwenye komeo, akapitisha koleo jembamba katika upenyo wa mlango, akaunyoosha ulimi polepole hata ukarudi mahali pake. Mlango ukafunguka. Sultani Shahame akatoka amelowa jasho, akaenda kwa wageni wake, nao wakasimama kwa heshima kubwa, wote wakitazama viatu vyao. Binti akaposwa siku ile ile, kwani mshenga alisema ukoo unaojua kucheka hauna tatizo.

Kesho yake, jua likiwa la utosi, Bi Mize alikuwa akipepeta mchele wa kuazima, akaona mtu anatokea kwenye mikoko. Kilemba kimemkaa upande, kanzu imelowa matope hadi kiunoni, kiatu kimoja amekishika na cha pili kimebaki kwenye hori. Mkononi ana mfuko mzito. Nyuma yake, mbali, Waziri Madi alikuwa amezama hadi magotini anaomba msaada, na safari hii hakuwa akicheka.

Yule mtu akafika kizingitini, akajiachia chini pu! Bi Mize akampa maji kwa kata, akanywa, akaomba tena, akanywa. Akauweka ule mfuko miguuni pake Bi Mize.

"Bibi," akasema Sultani Shahame alipopata pumzi, "kuja ni kazi."

Bi Mize akainama akamtazama nyayo, akamwita mumewe aliyekuwa uani.

"Faki wee! Njoo umwone mgeni." Kisha akamgeukia Sultani kwa upole wote. "Malengelenge mangapi, Maulana?"

"Manne," akasema Sultani.

"Haya, ingia ndani. Leo nazi ipo."

Wakala, wakacheka, na Waziri akatolewa matopeni kabla ya maji kujaa. Nami hadithi hii nimeitoa mbali, nimeibeba kwa miguu yangu mibovu hadi mlangoni penu, na mkoba wangu sasa naufunga. Yai la bata likiwapo, sikatai.