Kakakuona na Picha ya Sikudhani

Hadithi inabisha hodi!
Karibu ndani.
Imekuja peke yake!
Na iketi nasi.

Hapo kale, wanyama walipoanza kutumia kompyuta, Kakakuona alifiwa na mkewe, Sikudhani. Picha ya marehemu ilikuwa moja tu, katika kompyuta ya Ngedere, mpiga picha wa sokoni. Kila asubuhi Kakakuona alikwenda kuitazama, kisha akarudi kwake.

Siku moja Ngedere akamwambia kuwa anahama. Kakakuona angeweza kuichukua kompyuta, ila chochote atakachokiacha kitachukuliwa jioni na Nguchiro, mnunuzi wa vyombo vikuukuu, naye Nguchiro atafuta kila kilichomo.

Kakakuona akachukua skrini, maana ndiko alikozoea kumwona mkewe. Akaibeba mgongoni, akapanda kilima hadi kwake, akaichomeka kwenye umeme. Akaita, "Sikudhani, mke wangu, jitokeze."

Skrini nyeusi ti.

Akateremka. Ngedere akacheka. "Mzee mzima, umebeba dirisha ukaacha nyumba! Skrini huonyesha tu. Picha imelala kwenye diski, ndani ya sanduku hili, hata umeme ukikatika."

Lakini Nguchiro alikuwa amekwisha kulishika sanduku. Kakakuona akalikumbatia, akajikunja kama mpira, magamba nje. Nguchiro akavuta, akavuta, akavuta. Akachoka, akaenda zake.

Kakakuona akapanda na sanduku. Akaliwasha, feni ikavuma. Akaita, "Sikudhani, mke wangu, jitokeze."

Skrini nyeusi ti.

Akateremka tena, akauliza kama picha imefutwa. Ngedere akamwonyesha kebo iliyosahauliwa mezani: bila kebo hiyo, sanduku hutuma picha na skrini haipati kitu. Akamhurumia, akapanda naye, akaichomeka mwenyewe.

"Sikudhani, mke wangu, jitokeze."

Sikudhani akatokea.

Kakakuona akamkimbilia, akaweka pua kwenye kioo. Mke hayupo. Nukta nyekundu, nukta za kijani, nukta za buluu.

"Amekwenda wapi?"

"Yupo, mzee. Picha ya skrini ni nukta nyingi zilizopangana. Rudi nyuma."

Akarudi hatua moja, akaona nukta. Akarudi ya pili, akaona umbo. Akarudi ya tatu, akamwona Sikudhani anacheka, mchwa mmoja amemganda mdomoni.

"Na nikitaka kumsogelea?"

Ngedere akainama, akajifanya anakaza kebo. "Utaona nukta, mzee."

Basi Kakakuona akaketi pale pale, hatua tatu kutoka kwa mkewe. Ngedere akaaga, akateremka kilima. Kakakuona hakugeuka.

Ngano hii yatufunza kwamba kinachoonyesha sicho kinachotunza. Na kwamba wako wapendwa ambao hatuwaoni tena ila kwa mbali.

Maneno yangu yameisha, vinywa vyenu viko huru. Mwenye swali la kompyuta amwulize Ngedere. Mimi nilikuwa nimeshika taa tu.