Punda Kwenye Kiplefti

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na njia, na njia ina wenyewe!

Haya, sogeeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa. Mgongo unaniuma, sitarudia.

Hapo zamani za kale palikuwa na Bi Punda, aliyechoka tangu siku aliyozaliwa. Mvua zilikata, kisima kikawa mbali, na mwanawe Kidawa kalala zizini, mwili unamchemka, midomo imembabuka.

"Mama, maji."

"Nakwenda narudi, mwanangu."

Akajaza madebe mawili, akashika njia ya kurudi. Kufika njia panda, lahaula! Wajenzi wa barabara wamemwaga tuta la mviringo katikati, na mbele yake wamesimamisha ubao wa Kizungu. Chini ya ubao kakaa Sungura, katoka mjini juzi, kavaa miwani isiyo na vioo.

"Bwana Sungura, ubao unasemaje?"

"Kiplefti. Maana yake, shika kushoto. Kizungu hicho, usikivunje!"

Punda akashika kushoto. Akazunguka, akazunguka, akatokea ubaoni. Maji yanamwagika, chubwi, chubwi.

"Bwana Sungura, nimefika?"

"Ubao unasemaje?"

"Kiplefti."

"Basi shika kushoto!"

Akazunguka, akazunguka, akatokea ubaoni. Chubwi, chubwi.

"Bwana Sungura, jamani, nimefika?"

"Ubao unasemaje?"

"Kiplefti."

"Basi shika kushoto!"

Maskini Sungura, neno alilijua, mwisho wake hakuujua, na kusema "sijui" aliona haya.

Mara ya tatu Bi Punda akatokea ubaoni. Akapiga goti vumbini, akalia. Nimechoka, alisema, Mungu wangu, nimechoka. Ndipo aliposikia sauti nyembamba kutoka zizini: "Mama!"

Masikio yakasimama wima. Akautazama ubao.

"Huu haumjui Kidawa," akasema, akajiinua, akaingia njia ya kwao.

"Unavunja Kizungu!" Sungura akapiga kelele.

"Na kivunjike!"

Alipofika zizini akainamisha madebe. Makavu! Hata tone.

"Nisamehe mwanangu, sina kitu."

Kidawa akainua shingo. Akaona mbavu za mama zimelowa maji yote yale yaliyomwagika. Akalamba ubavu huu, akalamba na huu, polepole, hata akapata nguvu ya kusema:

"Mama, umechelewa."

Bi Punda akacheka, machozi yanamtoka.

Tangu hapo barabara ya kuzunguka tunaiita kiplefti, ingawa neno lenyewe lilisema kushoto tu. Na punda akifika njia panda husimama. Mpige, msukume, hatikisiki. Anasikiliza kwanza kwao ni wapi.

Basi maana ya neno ataweza kukwambia yeyote, hata mwenye miwani isiyo na vioo. Pa kutokea utapajua mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapa. Ikikufaa, nenda nayo. Isipokufaa, iache kwenye kiplefti, mwingine anayezunguka ataiokota. Na mimi nipisheni nikanyooshe mgongo. Kwangu ni kulia.