Firigisi ya Jogoo wa Tunu

Sogeeni, mliokwisha kula na mnaosubiri ukoko. Nina kesi ya kuwapa, maana mimi imenishinda.

Palikuwa na wanawake watatu. Chausiku, muuza uji, alijaliwa mkono wa kutoa. Zamda alijaliwa kusema kweli, hata ikimuuma mwenyewe. Mwajabu, mdogo wao kwa umri, hakuwa mwongeaji, lakini akishaamua jambo harudi nyuma.

Jirani wa Chausiku, Sikudhani, aliachwa na mumewe Hamduni, akabaki na binti yao mdogo, Tunu. Hamduni aliahidi mbele ya wazee kuleta matunzo ya mtoto kila mwezi. Kisha akamwoa huyo Mwajabu, ahadi akaisahau. Ilipopita miaka miwili, ndugu wa Sikudhani wakamwambia, "Kama huwezi kumlisha, mlete Tabora tumlee sisi." Naye Sikudhani hakuwa akipata usingizi bila kusikia pumzi za mwanawe.

Chausiku ndiye aliyemzuia Tunu asiende. Kila asubuhi alipiga hodi na bakuli mkononi.

"Mama Tunu, leo tena nimekosea kipimo, uji umezidi. Nisaidieni kuumaliza."

"Dada Chausiku, kila siku unakosea?"

"Hesabu ilinishinda tangu shule, mwenzangu!"

Mtaji wake ukapungua mpaka akabaki na sufuria moja. Lakini Tunu alishiba, na Sikudhani akapata nguvu za kwenda ofisi ya ustawi wa jamii kudai haki ya mtoto.

Huko Hamduni, aliyeitwa pamoja na jamaa zake, alisema bila kupepesa macho, "Mbona nilituma kila mwezi? Nilimpa dada yangu Zamda ampelekee."

Afisa akamgeukia Zamda. Mama yao mzazi alikuwa amemwonya: ukimwangusha kaka yako, kwangu usikanyage. Zamda akamtazama Tunu, aliyekaa sakafuni akivuta uzi wa gauni lake lililochakaa.

"Kaka, hukunipa hata shilingi," akasema. "Mtoto huyu ana pua yangu. Nitamdanganyaje?"

Afisa akaamua Hamduni alipe yote ya nyuma.

Hamduni akageuza mifuko nje. "Nilipe na nini? Sina kitu."

Hapo ndipo Mwajabu alipofungua kinywa. "Kuna mabati."

Mabati hayo yalikuwa yake. Aliyanunua kwa fedha za karanga alizolima mwenyewe, aezeke nyumba yao ya nyasi.

"Nina mimba, mume wangu," akasema. "Nataka mwanangu amkute baba anayetunza watoto."

Hamduni akainamisha kichwa. Kesho yake aliyabeba mwenyewe mpaka kwa mnunuzi, akalipa deni lote. Tangu siku hiyo matunzo huyaleta kwa mkono wake, na Tunu humkimbilia njiani.

Sikudhani akachinjisha jogoo, akawaalika wote, hata Hamduni.

"We Hamduni, usiikodolee macho hiyo sufuria," Chausiku akamtania. "Firigisi hupewa baba mwenye nyumba, na hapa nyumba huna. Leo utakula shingo!"

Wakacheka, naye Hamduni akacheka. Sikudhani akaichota firigisi, akampa Tunu kijiko. "Haikatwi, mwanangu, hupewa mtu mmoja. Mpe aliyetuokoa."

"Kama si uji wangu, ungekuwa Tabora," Chausiku akasema.

"Uji ungekwisha na deni lingebaki, kama si mimi," Zamda akajibu. "Na mama mpaka leo haitikii salamu yangu."

Mvua ilikuwa imeanza, Mwajabu akainuka awahi kwake kukinga ndoo panapovuja.

"Mama mdogo, ngoja!" Tunu akaita.

Akasimama katikati yao, sare mpya ya shule mwilini, kijiko juu kama bendera, akicheka. Kila alikogeuka aliona mtu wake, asijue aanzie wapi.

Je, ninyi mngeamua vipi? Semeni upesi, firigisi inapoa.