Firigisi ya Shamba la Tangawizi

Hapo zamani, si zamani ya babu zenu, zamani ya juzi tu, simu zikiwa nyingi na akili chache kama leo, kule milimani Upareni alikuwepo mjane aitwaye Nakijwa. Tulieni niwape. Mimi shule niliiacha darasa la tano, ikabaki inalia yenyewe, lakini kesi hii mwalimu wenu haiwezi.

Nakijwa alikuwa na shamba moja la tangawizi, ndilo lililomlisha. Asubuhi moja akakuta vidoa vyeupe kwenye mashina. Majirani wakaja na majembe. Mwenyekiti akasema, "Mama, huu ni ukungu. Tukiuacha utavuka mpaka kwetu. Saa nane tunang'oa shamba zima."

Nakijwa akampigia simu bwana shamba, aliyekuwa mbali bondeni. Bwana shamba akasema, "Kama ni ukungu, ng'oeni. Kama ni wadudu, osheni kwa maji ya sabuni. Nipigie picha ya karibu nione kama vina miguu."

Akapiga, akatuma. Jibu likaja: "Mama, mbona umenitumia mawingu?"

Akapiga tena, akatuma. "Mama, huu ni uji?"

Akaja Mbonea, fundi saa. "Shemeji, sogeza simu! Sisi mafundi tunachungulia mpaka pua iguse." Akaisogeza mpaka ikabusu shina. Akatuma. "Mama, sasa ni giza."

Akaja Nanzia, mpika maandazi, akaigeuza simu. "Wifi, jicho la simu limejaa mafuta!" Akalifuta kwa upindo wa kanga, likang'aa.

"Na jana nani aliiazima, mikono imetoka kwenye karai?" Nakijwa akauliza.

Nanzia akajifanya kiziwi. Picha ikapigwa, bwana shamba akajibu: "Afadhali, naona shina. Vidoa bado uji."

Mbonea akajikuna kichwa. "Hebu rudi nyuma kiganja kizima. Jicho hili si kama langu, karibu mno halioni. Kisha gusa kidoa hapo kwenye kioo, lijue linatazama nini."

Vidoa vikajitokeza. Lakini upepo ukatikisa shina, na mikono ya Nakijwa ikatetemeka, maana saa saba na nusu ilishapita na majembe yalikuwa mabegani.

Ndipo Kajiru, mbeba magunia, mtu mpana kama mlango wa ghala, aliyekuja na jembe kubwa kuliko wote, akalitupa. Akalala kifudifudi matopeni, upande wa upepo. "Weka simu mgongoni kwangu, dada. Sipumui."

Na kweli hakupumua. Upepo ukamgonga, ukarudi kwao. Nakijwa akabonyeza, akatuma.

Simu ikalia. "Naona miguu sita! Ni wadudu. Wekeni majembe chini!"

Vigelegele! Kajiru akapumua, akatema tope. Mashina yakaoshwa kwa maji ya sabuni, shamba likapona.

Nakijwa akachinja jogoo. Sasa jogoo, hata ninyi mnajua, ana mapaja mawili, ana mabawa mawili, ila firigisi ni moja, nayo ni ya mwenye nyumba. Tangu mumewe afariki, firigisi ilikuwa inarudi chunguni, haina mwenyewe. Nakijwa akasema, "Leo ataila aliyeliponya shamba la marehemu."

Nanzia akaruka. "Bila mimi mngetuma uji mpaka kesho. Lete!"

"Tangu lini mwanamke akala firigisi?" Kajiru akauliza.

"Tangu mwanamume alipogeuzwa kigoda!"

Mbonea akakohoa. "Jamani, aliyejua pa kuishika simu ni mimi."

"Si wewe uliyemwambia aibusishe na shina?"

"Nilikosea, nikajifunza. Wewe mafuta yako yamekufunza nini?"

Kajiru akapiga meza. "Kufuta, hata mtoto anafuta. Kurudi nyuma, hata mbuzi anarudi. Nani mwingine hapa amekula tope?"

"Na nani alikuja na jembe kubwa?" wakamgeukia wote wawili.

"Nani alilitupa?"

Nakijwa kashika kijiko juu, firigisi inapoa, vinywa vitatu viko wazi. Akakitazama kile kidole chake kilichobonyeza. Akaitazama firigisi. Akameza mate.

Haya, nyie wenye vyeti, msitazamane. Aliyefuta mafuta aliyoyapaka, aliyerudisha simu aliyoisogeza, aliyelitupa jembe alilolibeba, au mjane mwenyewe: je, kijiko kiende kinywani mwa nani?